Honda Prelude mpya: dola 42,000 kwa nguvu za farasi 200. Kuna hesabu hapa, au tunalipia jina?

#1 Kona Kali (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, nikaona nililete kwa wenye uzoefu.

Honda wameirudisha Prelude, lile gari lao la spoti la milango miwili. Ya mwisho, kizazi cha tano, iliishia 2001, na ndiyo iliyonifanya nipende magari. Hii mpya kule Marekani inaanzia dola 42,000, bado hujaweka dola 1,195 za kuifikisha kwa muuzaji. Toleo ni moja tu, hakuna la bei ya chini. Ukifungua boneti unakuta injini ya lita 2.0 ya haibridi, ile ile ya Civic Hybrid. Jumla farasi 200.

Kinachonikaba ni hiki. Prelude ya 1999 hadi 2001, kule kule Marekani, yenye injini ya H22 ya lita 2.2 na VTEC (mfumo wa Honda wa kubadili ufungukaji wa valvu), nayo ilikuwa na farasi 200. Zaidi ya miaka ishirini imepita, farasi hajaongezeka hata mmoja, gari limenenepa hadi kilo 1,460 hivi, na gia ya mkono imeondolewa kabisa. Civic Hybrid yenye mashine hiyo hiyo, tena toleo la juu, ni kama elfu 32. Hiyo elfu 10 ya juu nalipia nini?

Msiniambie "kama huna hela kaa pembeni". Nimeweka akiba miaka sita ili ninunue gari moja zuri, na nataka sana mnishawishi kuwa ni hili.

#2 Bwana Pistoni
Hapana. Kwa elfu 43 hivi unapata Nissan Z, farasi 400, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na gia ya mkono ipo. Mjadala umekwisha.

#3 Binti Spana
Haujaisha, mkuu Pistoni. Ndiyo kwanza umeanza.

Kona Kali, wewe umefungua boneti ukaishia hapo. Inama uangalie chini. Mbele wameweka mfumo wa shokapu na viungo vya magurudumu wa Civic Type R, ile Civic kali ya spoti, siyo wa Civic Hybrid. Kwenye gari la kawaida linalovutwa na matairi ya mbele, shokapu na kile kiungo kinachogeuza gurudumu vinakwenda pamoja, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ukiwa katikati ya kona, usukani unakuvuta mikono. Kwenye Type R wamevitenganisha. Gurudumu linageuka kwenye mhimili wake, karibu zaidi na katikati ya tairi, na lile vuta-nikuvute linapungua sana. Mimi ni fundi, nimeshavifungua vitu hivyo na kuvifunga. Si vyuma vya bei rahisi.

Halafu kuna breki za Brembo za pistoni nne mbele, shokapu zinazobadilika ugumu kwa umeme, na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia umeongezwa. Hata umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma si wa Civic: Prelude ni milimita 2,605, Civic ni 2,735. Hawakuchukua Civic wakabadilisha bodi tu.

#4 Mzee wa Rimu
Wanangu mnahangaika bure. Gari linatoka Japani, na Marekani inatoza magari ya Japani ushuru wa asilimia 15 tangu Septemba 2025. Piga hesabu, utaiona elfu 10 yako ilikojificha.

#5 Hesabu Kwanza
Mzee wa Rimu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Japani kwenyewe, ambako halilipi ushuru wa kuingia popote, limeanza kuuzwa Septemba 2025 kwa yeni 6,179,800. Kwa kiwango cha wakati ule hiyo ni kama dola elfu 42. Bei karibu ile ile. Kama ushuru ndio uliolipandisha, kwao lingekuwa rahisi zaidi.

#6 Mzee wa Rimu
Marahaba. Nimeiona. Lakini kampuni inaweza kubeba ushuru yenyewe ili mteja wa Marekani asishtuke, ikafidia kwa faida. Sijaondoka kwenye hoja yangu moja kwa moja.

#7 Msomaji wa Kimya
Huwa nasoma tu, leo naomba nisahihishe kidogo. Hiyo bei ya Japani ina kodi ya mauzo ya asilimia 10 ndani yake. Bei za Marekani hutangazwa bila kodi. Ukiitoa unabaki na yeni 5,618,000, ambayo ni kama dola elfu 38. Kwa hiyo tofauti ipo, ila si ya kujaza asilimia 15 yote. Mzee ana sehemu ya ukweli na Hesabu Kwanza ana sehemu yake.

#8 Bwana Pistoni
Kama tunaongelea Japani basi mambo ni mabaya zaidi. Civic Type R ilipotoka kule 2022 ilikuwa yeni 4,997,300. Farasi zaidi ya 300, gia ya mkono sita, na ndiyo yenye mfumo wa mbele anaousifia Binti Spana, tena na difu ya kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure. Prelude difu hiyo haina. Inakuwaje aliyepewa nguo za kaka yake anauzwa ghali kuliko kaka?

#9 Binti Spana
Hapo kwenye difu umenipata. Ningeipenda iwemo, hasa kwa jina hili. Prelude ya kizazi cha tano, lile toleo la SH, ilikuwa na ATTS, kifaa kilichopeleka nguvu zaidi kwenye tairi la mbele la nje ya kona. Mpya inaiga kwa breki na kompyuta. Inafanya kazi, ila si kitu kile kile.

Ila Marekani Type R ni karibu elfu 46. Kule kaka bado ndiye ghali.

#10 Hesabu Kwanza
Naomba mtazame upande mwingine. Prelude ya 2001 Marekani iliuzwa kati ya dola elfu 23 na 24, SH ikifika kama elfu 26. Tangu wakati huo hadi 2025 bei za vitu kule zimepanda kwa takriban mara 1.8. Zidisha. Elfu 23 na nusu inakuwa elfu 42 na ushee. Yaani bei HAIJAPANDA. Kona Kali, gari ulilolipenda ukiwa kijana lilikuwa na bei hii hii, tofauti ni kwamba wakati ule hukuwa unalipa wewe.

#11 Kona Kali
Hesabu Kwanza, hii imenikamata. Sikuwahi kuipiga hivyo. Nilikuwa na ile bei ya zamani kichwani kama vile hela haijabadilika.

#12 Bwana Pistoni
Usikamatwe upesi hivyo kaka. Mwaka 2001 Ford Mustang GT ilikuwa na farasi 260, na Mustang ya V6 haikufika 200. Prelude ikiwa na 200 ilisimama kati yao bila aibu. Leo Mustang ya silinda nne, ya chini kabisa, ina farasi 315 na bei yake ni elfu 32 na kitu. Toyota GR86 ina 228 kwa elfu 31 hivi. Bei inaweza kuwa ile ile, lakini majirani wamehama mtaa na Prelude imebaki palepale. Thamani ya gari hupimwa na yaliyo karibu yake siku hiyo unayonunua.

#13 Msomaji wa Kimya
Lakini hata 2001 Accord ya V6, gari la familia kutoka duka lile lile, ilikuwa na farasi 200. Aliyenunua Prelude wakati ule alijua nguvu hiyo ipo kwenye gari la bei nafuu zaidi. Prelude haijawahi kuwa gari la farasi. Ilikuwa gari la kona na la umbo.

#14 Taa ya Breki
Msomaji wa Kimya umesema kweli tupu. Mjomba wangu alikuwa na Prelude nyeupe, ile ya kwanza yenye magurudumu manne yanayogeuka, ya 1991. Nilikuwa mdogo, akinipakia alikuwa anaingia kwenye nafasi finyu ya kuegesha kwa mara moja wakati watu wengine wanarudi nyuma na kwenda mbele mara tatu. Nikawa nashuka kabla hajaegesha ili nitazame yale matairi ya nyuma yakipinda. Sijawahi kumuuliza ina farasi wangapi. Hakuna aliyemuuliza.

#15 Hesabu Kwanza
Taa ya Breki, simulizi tamu, ila mwaka si huo. Magurudumu manne yalianza na kizazi cha tatu, 1987. Huenda la mjomba lilikuwa la mwaka huo wa 91 lakini kizazi kile. Na ule mfumo wa 87 ulikuwa wa vyuma vitupu, hakuna kompyuta: usukani ukigeuzwa kidogo matairi ya nyuma yanafuata upande ule ule wa mbele, ukigeuzwa sana yanapinda upande wa pili. Shafti moja kutoka mbele hadi nyuma ndiyo iliyopeleka habari.

#16 Taa ya Breki
Asante kwa sahihisho. Upande wa pili ndio niliokuwa nautazama mimi.

#17 Klachi Nzito
Mmezunguka sana, mmeacha dhambi kubwa. CVT, ile giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua! Gari la spoti lenye CVT, injini inalia kama mashine ya kusaga huku gari haliendi. Halafu kelele za gia za uongo kwenye spika. Mimi siwezi kutoa elfu 42 kwa mchezo wa kuigiza.

#18 Binti Spana
Klachi Nzito, si CVT. Hamna mkanda wala pulli humo ndani. Kuna mota mbili. Moja inazungushwa na injini kuzalisha umeme, nyingine ndiyo inayozungusha matairi, na hiyo ya pili peke yake ina nguvu ya kuvuta ya Nm 315. Ukiwa barabara kuu mwendo umetulia, klachi inafunga na injini inavuta matairi moja kwa moja. Giaboksi unayoijua wewe haimo kabisa.

Hizo gia nane za S+ Shift ni kweli ni za kuigiza. Ukivuta pedo kwenye usukani, kompyuta inapandisha au kushusha mzunguko wa injini na kuongeza sauti. Hapo sina cha kuwatetea. Ila usiite CVT, utampoteza mtu anayetaka kununua.

#19 Klachi Nzito
Nimekubali jina, sijakubali jambo. Prelude zote tano za zamani ungeweza kupata na gia ya mkono. Zote.

#20 Ekseli ya Nyuma
Nizungumze kama mtu aliyeshaungua. Miaka minne iliyopita nilinunua kupe moja ya milango miwili, jina naliacha. Farasi zaidi ya 350, mkono, chini chini kabisa. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa natafuta sababu ya kutoka usiku. Baada ya hapo foleni ya asubuhi ilinimaliza goti la kushoto, kila tuta nilipita kwa dua, na zile nguvu nilizolipia nilizitumia labda dakika kumi kwa wiki. Niliiuza kwa hasara kubwa na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nikisoma kuhusu gari lenye sura hii, linalopita kona vizuri, na linalokunywa mafuta kidogo, siwaoni Honda kama wamekosea. Wametengeneza gari la siku zile sita nyingine za wiki.

#21 Hesabu Kwanza
Kuhusu mafuta, vipimo vya Marekani vinaipa Prelude maili 44 kwa galoni, yaani kama kilomita 18 na nusu kwa lita. Type R ni 24, kama kilomita 10. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, ya kwanza inakunywa lita 800 hivi, ya pili zaidi ya 1,450. Lita 650 kila mwaka.

#22 Bwana Pistoni
Anayehesabu lita anunue Civic Hybrid, abaki na elfu 10 yake. Tumerudi palepale alipoanzia mleta mada.

#23 Ukungu wa Chuma
Naomba niingie. Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya kukandamiza bati, vile vinavyotoa milango, boneti na mapaja ya gari. Watu wengi hawajui hapo ndipo hela inapokwenda. Kila kipande cha bati cha nje kinahitaji seti yake ya vyombo, maana bati haliketi umbo kwa pigo moja. Unalivuta, unalikata, unalikunja kingo, unalitoboa, na kila hatua ina chombo chake cha chuma kizito kilichochongwa kwa usahihi wa hali ya juu. Gharama hiyo ni ile ile utoe magari elfu moja au laki moja.

Sasa Honda walipanga kuuza Prelude 300 kwa mwezi Japani. Tatu mia! Civic inagawana gharama ya vyombo vyake kwa magari mengi mno duniani. Prelude haina jirani wa kumsaidia kubeba: milango yake mirefu haiingii kwenye gari lingine. Sisemi bei ni halali. Nasema elfu 10 ile, kwa jicho langu, sehemu kubwa iko kwenye bati mnalolitazama bila kuliona.

#24 Kona Kali
Ukungu wa Chuma, asante sana. Hili sikulitegemea. Siku zote nilidhani bati ndiyo sehemu rahisi.

#25 Klachi Nzito
Kaka, lakini hiyo ni shida yao, si yangu. Ford walipotoa Mustang 1964 waliijenga juu ya Falcon, gari la kawaida kabisa, bodi mpya juu. Waliuza dola 2,368. Maana yote ya kuazima vyuma vya gari la kawaida ni ili bei ishuke.

#26 Ukungu wa Chuma
Ni kweli, na Mustang iliuzwa kwa malaki. Ndiyo maana bei ilishuka. Ukiuza 300 kwa mwezi huwezi kuiga hesabu ya mtu anayeuza malaki.

#27 Klachi Nzito
Na wangeweka bei ya watu, wangeuza zaidi ya 300. Ng'ombe na mkokoteni, kipi kinatangulia?

#28 Msomaji wa Kimya
Klachi Nzito, mbona wateja wamejitokeza? Japani mwezi wa kwanza tu oda zilifika takriban 2,400, mara nane ya walizopanga. Na wengi ni watu wenye umri wa miaka hamsini na kitu na sitini na kitu, walioziona zile za zamani wakiwa vijana. Nadhani hapo ndipo bei ilipopangwa. Honda hawakumlenga kijana wa GR86. Wamemlenga mtu aliyemaliza kusomesha, ana hela, na ana jina moja kichwani tangu ujana wake.

#29 Bwana Pistoni
Yaani wamemlenga Taa ya Breki na mjomba wake.

#30 Taa ya Breki
Mjomba ana miaka 71 na akiliona atalitaka. Halafu ataulizia magurudumu ya nyuma, na sijui nitamwambiaje kwamba hayageuki.

#31 Kona Kali
Wakuu, mrejesho. Nimekwenda kuliendesha, na siku hiyo hiyo nikaendesha GR86 ya gia ya mkono.

Viti kwanza. Kwa elfu 42, kiti cha dereva unakisogeza kwa mkono. Hakina umeme. Nilikitafuta kitufe hadi kijana wa mauzo akaniambia nishike chuma pale chini. Joto la kiti lipo, ila nilitegemea zaidi. Kizuri ni kwamba cha dereva kimebana mbavu na cha abiria wamekifanya laini zaidi kwa makusudi.

Barabarani, Binti Spana ulisema kweli. Nilikanyaga mafuta yote nikitoka kwenye mzunguko, usukani ukatulia mikononi. Breki zinashika ukigusa tu. Hicho kitu Civic Hybrid haina, nimeiendesha ya rafiki yangu mara nyingi. Ile S+ Shift dakika tano za kwanza niliichukia, kisha nikajikuta nashusha "gia" kabla ya kila kona bila kufikiri. Mwendo wa kuondoka ni wa kawaida, kufika kilomita 100 kwa saa kunachukua zaidi ya sekunde sita, na ukizoea magari ya umeme utaona unachelewa.

GR86 ilinichekesha kwa furaha. Nyepesi, matako yake yanachezacheza, gia inaingia kwa sauti. Lakini baada ya nusu saa kwenye lami mbovu nilitaka kushuka. Prelude ningeweza kuiendesha kutwa.

Sijaamua. Nilipotoka pale niligeuka kuitazama Prelude mara tatu. GR86 sikugeuka, ila usiku niliiota.

#32 Klachi Nzito
Ndoto imeshasema.

#33 Ekseli ya Nyuma
Ndoto haikai foleni saa mbili kila asubuhi. Mimi niliota pia.

#34 Mzee wa Rimu
Subiri mwaka mmoja, mwanangu. Magari ya namna hii wenye hamu wakishanunua wote, muuzaji anaanza kupunguza mwenyewe. Usilipe bei ya mwezi wa kwanza.

#35 Ukungu wa Chuma
Au wanaacha kulitengeneza. La namna hii, mauzo yakishuka, ndilo la kwanza kukatwa. Kusubiri nako kuna gharama.

#36 Kona Kali
Nitarudi Jumamosi na mke wangu, naye akae kwenye kile kiti cha abiria. Hela ni yetu sote.

#37 Bwana Pistoni
Mpitishe na kwenye Z basi, aone farasi 400.

#38 Kona Kali
Z ina viti viwili, mkuu. Tuna mtoto wa miaka mitatu.

#39 Binti Spana
Kumbe! Hukusema tangu mwanzo. Basi Jumamosi beba na kiti cha mtoto, ukifunge pale nyuma mwenyewe, kiti chako cha dereva kikiwa umekiweka unavyokaa siku zote. Ukimaliza, leta picha.